Chungwa la kwenye chupa

Juzi nimealikwa hitima kwa shangazi, Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Nimekula pilau, nimeshiba, naletewa chupa ya plastiki yenye picha ya chungwa limekatwa nusu, linadondosha maji. Nikaigeuza nisome yale maandishi ya sisimizi: maji, sukari, asidi, ladha ya chungwa, rangi. Chungwa lenyewe? Halimo! Liko kwenye picha tu.

Na hapo nje mlangoni kuna kijana na mkokoteni wa machungwa ya Muheza, anayamenya kwa kisu ganda linazunguka bila kukatika, hana mteja. Muheza, jamani, si Ulaya. Ni pua na mdomo.

Nikamuuliza shangazi kwa nini hakukamua tu. "Mwanangu, wageni watasema tumefulia." Kumbe chungwa halisi siku hizi ni umaskini!

Shangazi huyohuyo ana sukari, chai yake hunywa bila sukari. Lakini soda moja ya mililita 350 hubeba vijiko vya chai 8 au 9 vya sukari, na hizi za ladha sidhani kama zinaachwa mbali. Fedha hiyohiyo ya chupa mbili ingenunua fungu zima la machungwa, nyuzi zake na vitamini zake humohumo.

Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 2019, sawa. Chupa je? Asubuhi yake nimezikuta mtaroni zimelala kifudifudi, picha ya chungwa bado inang'aa. Mvua ikinyesha, safari ya baharini.

Maganda ya yule kijana yalishaliwa na mbuzi.