Baba Mkubwa Asipewe Maiki

Sawa, rafiki yangu Chumvi ameshawatangazia nilivyoumbuka kwenye kikao cha harusi, na tangu asubuhi mnanitumia vikatuni vya kucheka. Ila hadithi yake ina uongo: sikulia. Jicho lilikuwa na mafua.

Mimi ndiye katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Kikao cha kwanza nililikandia daftari la mweka hazina mbele ya wazee. Nikasema siku hizi ni Google Forms, bure kabisa, unajaza ahadi yako kwa simu ukiwa kwenye daladala, majibu yanajipanga yenyewe kwenye jedwali. Na maoni ni siri, nikaapa. (Siri! Mungu ananiona.)

Jumamosi tukakutana kwenye baa moja Sinza, laptopu nimeiunga na televisheni ya kuangalizia mpira. Naanza na jumla ya ahadi za watu 41: shilingi 150,000. Mweka hazina akakohoa. Kumbe lile swali nililiacha mtu ajaze anavyojisikia, wakaandika "laki mbili", "nitaleta mbuzi", "tuombeane uzima", na jedwali linajumlisha namba tu, maneno linayaruka. Walioandika namba tupu ni watatu.

Hapo ningefunga mashine nikaaga. Nikajitia kuokoa jahazi: "Wazee, tusome jibu moja moja." Nikabofya.

Wadau, jibu la kwanza kwenye fomu huwa la nani? La aliyeitengeneza, alipokuwa anaijaribu kwa simu saa saba usiku, anajichekesha peke yake.

Juu kabisa ikatokea anwani ya barua pepe, maana ile sehemu ya kukusanya anwani sikuizima. Na siyo anwani ya kazini, ni ile ya kidato cha pili yenye neno "handsome". Shangazi akaisoma kwa sauti, "ha-ndi-so-me", akauliza huyo ni mtoto wa nani. Mimi natafuta pa kufungia, vidole vinatetemeka, badala ya kufunga nikashusha ukurasa.

"Maoni mengine kwa kamati: Baba mkubwa asipewe maiki. Sendofu iliyopita alisimulia kiwanja cha Mbagala mpaka wali ukapoa."

Kimya. Mhudumu aliyekuwa analeta soda akasimama na trei yake palepale. Baba mkubwa akavua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya shati, upande mmoja, upande wa pili. Akaivaa, akasoma upya, midomo inacheza. Namwona amefika kwenye wali. Akanigeukia taratibu.

"Mwanangu."

"Shikamoo, baba." (Nilishamwamkia mara mbili siku hiyo.)

"Kile kiwanja kiko Chamazi."

Basi. Ukatibu nimevuliwa, daftari limerudi, na baba mkubwa ndiye mzungumzaji mkuu, kapewa dakika 40. Chumvi, ile video ifute.