Kabla Hujamhamisha Shule

Mwanangu alikuwa ameshasoma shule tatu kabla ya kumaliza gredi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa hapa hapa Umoja, Nairobi, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Ya pili ilikuwa Donholm, tukawa tunalipia basi. Ya tatu ndiyo aliko mpaka leo. Kila tulipomhamisha, mimi na baba yake tuliamini kwa moyo wote kwamba tunamwokoa. Mwezi huu pekee wazazi wawili wameniuliza kama naijua "shule nzuri" ya mtoto asiyetulia, na wote wawili nimewarudishia swali: mwalimu aliye naye sasa amekaa naye kwa muda gani?

Acha nieleze kwa nini nauliza hivyo.

Dayari yake ya shule ilikuwa imejaa wino mwekundu. Mzazi, leo tena hakumaliza kazi. Mzazi, anatembeatembea darasani. Mzazi, anajibu kabla swali halijaisha. Muhula mmoja nilinunua sweta tatu. Ya kwanza ilipatikana imetundikwa kwenye goli uwanjani, ya pili ilibaki kwenye basi, ya tatu hatukuiona tena. Nilipomuuliza iko wapi, alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kichwani na hakioni. "Sijui, mama." Mimi nilisikia kiburi. Nikamchapa kwa sababu ya sweta ya tatu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mtoto huyo huyo ukimpandisha matatu anakutajia nambari za njia zote za mji huu bila kukosea. 58 ni Buruburu, 35/60 ni yetu ya Umoja, 111 inaenda Ngong, 125 Rongai, 8 Kibera. Anajua ipi hupita wapi na steji yake mjini iko wapi. Ndiyo maana kila mtu alituambia kichwa kipo, ni uvivu tu. Na sisi tukajiambia kwamba kama kichwa kipo, basi kosa ni la shule. Tukamhamisha.

Kilichokuja kuitwa ADHD hospitalini, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kuongoza umakini wake na kutulia, hakimaanishi kwamba mtoto hana umakini. Umakini anao, tena mwingi, ila si yeye anayeamua utaenda wapi. Kinachomvutia humshika saa mbili. Kisichomvutia hawezi kujishikilia hapo hata akijua adhabu inamngoja, kwa sababu sehemu za ubongo zinazomwambia mtu tulia, subiri, maliza kwanza hiki, kwake zinakomaa polepole. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walilinganisha picha za ubongo za watoto wenye hali hii na za wenzao. Kwa wenzao gamba la nje la ubongo lilifikia unene wake wa juu wakiwa na miaka 7 na nusu hivi, na kwa wenye hali hii miaka 10 na nusu, na ucheleweshaji ulionekana zaidi sehemu za mbele. Miaka mitatu. Nilipoelezwa hivyo mwanangu alikuwa na miaka minane, na nilikuwa nikimdai akae kitako na daftari kama binamu yake wa miaka kumi.

Tulifika kwa daktari mwezi wa pili, wiki chache baada ya kumpeleka shule ya tatu. Nilitarajia atolewe damu au apigwe picha ya kichwa, jibu litoke. Hakuna kipimo cha namna hiyo. Daktari alituuliza maswali kwa zaidi ya saa moja, tangu mimba mpaka jana jioni, kisha akatupa fomu mbili, moja ya mzazi, nyingine ya mwalimu. Akatueleza anachotafuta. Kuna dalili tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na pupa. Mtoto anahitaji kuwa na angalau sita za upande mmoja, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane zaidi ya mahali pamoja, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Mtoto anayesumbua nyumbani tu, au kwa mwalimu mmoja tu, huenda ana tatizo jingine.

Nilipompa mwalimu mpya fomu ile, aliisoma mbele yangu akanirudishia. "Mzazi, nimekuwa naye wiki tatu. Nikijaza hii nitakudanganya."

Nikarudi shule ya pili. Mwalimu wake alikuwa ameacha kazi, na hakuna aliyekuwa na la kuniambia isipokuwa kwamba mtoto alikuwa msumbufu. Nikaenda ya kwanza nikiwa sina matumaini. Yule mwalimu alimkumbuka mara moja, akamtaja kwa jina lake la nyumbani. Akaniambia kwamba alikuwa amegundua kitu: ukimpa kazi ya kugawa madaftari na kufuta ubao kati ya somo na somo, hatembeitembei. Na ukimketisha mbele, mbali na dirisha, ukamgusa bega kabla ya kumpa maagizo, anamaliza nusu ya kazi badala ya mistari miwili. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema kwa upole, "Nilikuwa nimeanza tu kumwelewa, mzazi, ndipo mkamhamisha."

Nililia ndani ya 35/60 mpaka nyumbani.

Hilo ndilo ninalowaambia wazazi wenzangu. Kuhamisha kunafuta. Nambari yake ya usajili katika Wizara ya Elimu itamfuata, karo utalipa upya, sare utanunua upya, lakini alichokuwa amejifunza mwalimu kuhusu mtoto wako hakimo kwenye faili yoyote. Mwalimu mpya anaanza na sifuri, na mtoto naye anaanza na sifuri, katikati ya sura ngeni na sheria ngeni, na hakuna mtoto anayehitaji mazoea na ratiba isiyobadilika kuliko huyu. Muhula wa kwanza shule mpya mara nyingi huwa mzuri, kwa sababu upya wenyewe unamvutia. Sisi tulidanganyika na muhula huo mara mbili.

Nikumbuke kusema pia kwamba si kila mtoto asiyetulia ana ADHD, na daktari mwema huanza kwa kuondoa mengine. Wetu alitaka kwanza masikio na macho yapimwe. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Anayekoroma usiku kwa sababu ya tezi zilizovimba nyuma ya pua na kooni huamka amechoka na hawezi kutulia. Kuna kifafa kisicho na kuanguka, mtoto anakodoa macho sekunde chache tu, na darasani ataambiwa anaota ndoto za mchana. Upungufu wa damu, malaria iliyowahi kupanda kichwani, njaa, hofu ya mtu fulani nyumbani au shuleni, yote haya hufanana na ADHD kwa mbali. Sukari tuliambiwa na kila jirani tuipunguze. Tulipunguza, meno yake yakafaidika, lakini watafiti waliowapa watoto sukari bila mzazi kujua nani kala nini hawakuona tofauti ya tabia.

Siku tuliyopewa jibu, shosho yake alikuwa sebuleni. Nilimweleza taratibu, nikiogopa atasema ni mambo ya wazungu. Akanyamaza, kisha akamtazama baba yake mtoto. "Huyu alikuwa hivyo hivyo. Alichapwa kila Ijumaa mpaka darasa la nane." Baba yake hakusema kitu. Baadaye usiku aliniambia alikuwa anazihesabu zile Ijumaa. Hali hii hurithiwa sana. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 70 na 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika dalili hizi hutokana na jeni. Haikuletwa na malezi yangu wala na kazi yangu ya kuondoka asubuhi na mapema, na nashukuru kwamba kuna mtu aliyeniambia hivyo waziwazi.

Kiboko shuleni kilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakifanya kosa. Sote tunajua bado kipo. Kwa mtoto huyu hakifundishi chochote, maana shida yake haikuwa kutojua kosa. Anajua kanuni zote, hata atakusomea. Kinachomkosa ni kile kituo kidogo kati ya wazo na tendo.

Wasichana nao tunawapita. Binti wa jirani yangu anakaa kimya dirishani, daftari limefunguliwa ukurasa ule ule kutoka saa mbili mpaka saa nne. Hamsumbui mtu, kwa hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kumwita mama yake. Ripoti yake husema "anaweza kufanya vizuri zaidi" kila muhula. Huyu hatahamishwa kamwe, na hatasaidiwa pia, mpaka siku atakapoamini kabisa kwamba yeye ni mjinga.

Tulichofanya baada ya jibu hakikuwa kikubwa. Nilimpelekea mwalimu mpya maneno ya mwalimu wa kwanza, nikamwomba tujaribu mambo matatu tu: kiti cha mbele, kazi ya kugawa madaftari, na kadi ndogo ya kila siku yenye mistari miwili, nilimaliza kazi ya hesabu, nilisubiri zamu yangu. Akitimiza, mwalimu anaweka tiki. Jioni ile ile tiki mbili zinampa nusu saa ya kutazama matatu kwenye steji nikiwa naye. Zamani nilikuwa namwahidi baiskeli akifunga muhula vizuri. Kwa mtoto huyu mwisho wa muhula ni mbali kama mwaka kesho kutwa. Zawadi iwe leo, iwe ndogo, na isifutwe kwa sababu kavunja kikombe.

Nyumbani nimepiga misumari minne karibu na mlango, chini, kwenye kimo chake. Sweta, begi, chupa ya maji, kadi. Sisemi tena "jitayarishe", maana ndani ya neno hilo mna mambo tisa. Nasema "vaa soksi", nangoja, nasema jingine. Kazi ya nyumbani tunaikata vipande vya dakika kumi, na kati ya kipande na kipande anashuka ngazi kwenda kwa mama mboga kuniletea dania. Baadhi ya siku hakuna kinachofanya kazi. Siku hizo nafunga vitabu, tunakula, tunalala.

Dawa tulianza miezi minne baadaye, na naomba wasomaji wasinihukumu wala wasiige kwa kusoma hapa. Kwa watoto walio chini ya miaka sita madaktari huanza na mafunzo ya wazazi. Kwa wakubwa zaidi methilifenideti huwasaidia wengi. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kuulizia dukani, na wetu humpima uzito, kimo na shinikizo la damu kila tunaporudi, kwa sababu hupunguza hamu ya chakula na inaweza kuvuruga usingizi. Mwanangu anakula chakula kizito asubuhi kabla ya kuimeza. Hakugeuka kuwa mtoto mwingine. Anamaliza ukurasa.

Fedha ndizo humzuia mzazi mwingi, nami nalijua hilo. Si lazima uanzie hospitali ya gharama. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani na hufanya tathmini za watoto. Vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, vile vya EARC, vilianza mwaka 1984 na vipo katika kaunti mbalimbali. Matibabu yenyewe ni ya daktari wa watoto au wa akili, na Kenyatta na Mathari ni hospitali za umma. Foleni ni ndefu. Ingia kwenye foleni sasa, na huku ukingoja, kiti cha mbele hakihitaji barua ya daktari.

Kuna wakati wa kuhamisha. Mtoto akipigwa, akiitwa mjinga mbele ya wenzake, mwalimu mkuu akikataa hata kukusikiliza, mtoe. Lakini usitoke mikono mitupu. Kaa na mwalimu wa darasa, hata kama mmekwaruzana, umuulize nini kilifanya kazi walau siku moja, uandike. Makadirio ya kimataifa ni kwamba karibu asilimia 5 ya watoto wana hali hii. Mwalimu mwenye watoto 60 huenda ana watatu kama wako mbele yake kila siku, na kuna kitu amekiona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alibadilishiwa mwalimu wa darasa, kama watoto wote wanaopanda gredi. Nilienda siku ya kufungua na karatasi ya ukurasa mmoja niliyoiandika kwa mkono: anachokiweza, kinachomshinda, kinachomsaidia, na orodha ya nambari za matatu anazozipenda. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, watoto wakipita chini ya mkono wake. Akaikunja, akaitia ndani ya rejista. Kisha akaniuliza kama sweta imeandikwa jina.

Imeandikwa, nikamwambia. Kwenye kola, na ndani ya mkono pia.