Nani achague itifaki, msanidi au mfumo?

Tangu soketi, yaani njia ya programu kujiunga na mtandao, zilipotoka na mfumo endeshi wa 4.2BSD mwaka 1983, msanidi programu hutaja itifaki (kanuni za kusafirisha data) mwenyewe: TCP, inayohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio, au UDP, isiyohakikisha hilo, na baadaye IPv4 au IPv6, matoleo mawili ya mfumo wa anwani za intaneti. Mnamo Januari 2025 ikatoka RFC 9622, waraka wa viwango vya intaneti unaopendekeza kiolesura tofauti, yaani namna nyingine ya programu kuzungumza na mfumo. Programu inaeleza mahitaji yake, tuseme data ifike yote na kwa mpangilio, kisha mfumo unachagua itifaki na kuhamia nyingine ile ya kwanza ikigoma.

Mchukue mfanyakazi wa Westlands anayetoka ofisini akiwa bado anapakia faili. Akifika stejini simu imeacha Wi-Fi na kuingia kwenye data. TCP hutambua muunganisho kwa anwani na namba za mlango za pande mbili, hivyo anwani ikibadilika muunganisho umekatika. QUIC, itifaki mpya zaidi iliyosanifishwa rasmi mwaka 2021, hubeba kitambulisho cha muunganisho wenyewe na inaweza kuendelea. Lakini QUIC hupita juu ya UDP, ambayo mitandao mingine ya ofisi huifunga, kwa hiyo lazima iwepo njia ya kurudi TCP. Kumtwika kila msanidi wa Nairobi kazi hiyo ni kupoteza nguvu za watu.

Wasimamizi wa mitandao nao wana hoja nzito dhidi ya mfumo kujichagulia. Mbinu ya Happy Eyeballs hujaribu IPv6 kwanza. Isipojibu kwa takriban milisekunde 250, IPv4 nayo inajaribiwa, na itakayotangulia ndiyo inayotumika. Mtumiaji hasikii lolote. Matokeo yake, IPv6 inaweza kufa ofisini miezi kadhaa pasipo mtu kulalamika, na kosa lisilolalamikiwa halirekebishwi.

Hata hivyo naunga mkono kiolesura kipya, mradi kila mhamo uandikwe kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) bila msanidi kuomba. Mfumo ukifanya uamuzi kimyakimya, fundi anayeitwa usiku atashikia wapi?

Liko pia jambo ambalo mfumo hauwezi kulijua. QUIC huruhusu data kutumwa mapema kabla salamu za kufungua muunganisho hazijakamilika, na data hiyo inaweza kunaswa na kurudiwa. RFC 9622 inamtaka msanidi atamke kama ujumbe unaweza kurudiwa bila madhara. Asipotamka, jibu ni hapana. Ombi la kuonyeshwa salio likirudiwa hakuna anayeumia. Agizo la kutuma shilingi 500 likirudiwa, mtu amelipa mara mbili, na hilo ni la anayeandika programu ya malipo kuliamua.