Fumbo la maneno limrudishe mtoto kitabuni

Yale mafumbo ya kusaka maneno yaliyofichwa ndani ya mraba wa herufi, yanayotolewa na programu za simu na kugawiwa darasani kama kazi ya Ijumaa, hayafundishi msamiati. Mtoto anaambiwa atafute NANGA. Anasaka N, akiiona yenye A pembeni anaizungushia kalamu, kamaliza. Anaweza kumaliza ukurasa mzima asijue nanga inatupwa wapi wala kwa nini. Faida yake ni darasa kutulia na mwalimu kupumua, basi.

Fumbo la kujaza viboksi ni habari nyingine, ilimradi vidokezo vyake vitoke ndani ya hadithi. Hapa Kilwa Masoko, kwenye kikundi chetu cha kusoma cha Jumamosi, tuko na Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, hadithi ya kijana Jim aliyesafiri kusaka hazina pamoja na maharamia wa Silver, kwa ile tafsiri iliyokuwapo tangu enzi za Mwingereza. Chukua neno "pipa". Ukiandika "chombo kikubwa cha kuhifadhia vitu", mtoto atakujibu jaba, mwingine debe, na huna haki ya kuwakatalia. Andika badala yake: "Jim alikuwa ndani yake aliposikia njama za Silver." Hapo hakuna ujanja, kitabu lazima kifunguliwe. Na akikifungua haishii kwenye neno. Anasoma tena jinsi kijana alivyojitosa humo kutafuta tofaa, jinsi mtu mzito alivyokuja kuketi na kuegemea mpaka pipa likatikisika, kisha sauti anayoijua ikaanza kusema mambo ambayo hakutakiwa kuyasikia. Neno likiingia pamoja na hofu ya namna hiyo halitoki.

Mlingoti nao: "Jim aliukwea, Israel Hands akimfuata na kisu." Au jibini: "Ben Gunn, aliyetelekezwa kisiwani miaka 3, alikuwa akikiota chakula hiki usiku." Watoto wengi wa huku hawajaonja jibini. Kuota chakula wanakujua vizuri sana.

Nikiambiwa kwamba kuchorachora viboksi ni kuishusha hadhi fasihi, najibu kwamba hadithi hiyo yenyewe ilianza kwa kuchora. Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, Stevenson na mtoto wake wa kambo walikuwa wakijifurahisha kwa rangi na karatasi, ikatokea ramani ya kisiwa, na ramani ikazaa hadithi. Kitabu kilitoka mwaka 1883.

Sasa nije kwenye jambo ambalo walimu wenzangu hunibishia, nami sirudi nyuma: kiboksi kimoja kibebe silabi, si herufi. Fumbo la herufi moja moja lilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza. Lile la Arthur Wynne lilitoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na kwa lugha ile linafaa. Kwetu karibu kila konsonanti inafuatwa na irabu, kwa hiyo maneno yanapokatana mara nyingi yanakutana kwenye A, na A haikusaidii kitu. Halafu kuna kasheshe ya ng': alama ile ya juu inakaa kiboksi kipi? Ukiweka silabi, yote hayo yanakwisha. Andika JA-HA-ZI kwenda kulia. Kutoka HA shuka chini upate HA-ZI-NA. Kwenye NA geukia kulia tena, NA-HO-DHA. Mtoto aliyekwama kwenye hazina akishapata HA ya jahazi, ameshikwa mkono kweli. Mlingoti unachukua viboksi vinne, maana ile M ni silabi kamili, na mtoto wa darasa la pili atakuthibitishia kwa kupiga makofi. Karatasi ya hesabu yenye miraba inatosha, au chaki na ubao. Steshenari utawapa fedha ya kopi ya nini?

Uzuri wa kitabu hiki kwa watoto wa Kilwa, Kivinje au Mikindani ni kwamba nusu ya msamiati wake uko ufukweni. Shuleni wanakaririshwa "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani", wanapata alama, na wengine hawawezi kukuonyesha tezi, yaani upande wa nyuma, kwenye chombo. Babu anayeshona tanga anaweza. Kwa hiyo vidokezo vya bahari nawatuma wakaviulize huko, waje navyo kwa maneno yao. Kwa tezi, msichana mmoja alileta hiki: "Huku ndiko anakokaa mshika usukani, msimsumbue." Kamusi gani itakupa hilo? Kile kichombo cha Ben Gunn cha ngozi ya mbuzi kilizua ubishi mkubwa. Watoto waliozoea mtumbwi wa mwembe walikataa katakata kwamba ngozi itaelea, mpaka tukasoma jinsi kilivyomzungusha Jim majini, wakaridhika kwamba angalau kilimtesa.

Hata "sarafu" haina haja ya kidokezo cha mbali. Masultani wa Kilwa Kisiwani walifua sarafu zao za shaba, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano kati ya hizo kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Niliposema hivyo, kasuku wa Silver, yule anayepiga kelele za sarafu, alisahauliwa kwa muda.

Kuna hoja ya mtihani: fumbo halimo, muda wenyewe hautoshi. Lakini ufahamu umo, na mtoto anayerudi kwenye ukurasa kuhakikisha jibu lake anafanya mazoezi ya ufahamu bila kulazimishwa. Muda hupatikana ukiacha kutunga kila kitu mwenyewe. Mimi natunga fumbo la sura mbili za mwanzo, zinazofuata nawaachia wao, kundi hili lilitegee lile. Wakali kweli. Juzi walikataa "epo" ya mwenzao kwa sababu viboksi vilikuwa vitatu na kitabu kinasema tofaa. Mimi ningempa alama.