Dodoma: nani amehamia, nani amefikia tu

Ijumaa jioni, kaa kidogo stesheni ya treni ya SGR Dodoma. Mabegi ya mgongoni, mifuko ya zabibu, vitambulisho vya kazi bado vinaning'inia shingoni. Ni watumishi wanarudi nyumbani, na nyumbani ni Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ni wa 1973, uhamaji wenyewe ulishika kasi 2016, na hadi leo wengine Dodoma wamefikia tu.

Wanaosema ajira ndiyo humtuliza mtu wana hoja. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini ina watu 410,956; ya 2022, watu 765,179. Bila wizara na chuo kikuu, wasingefika wengi hivyo. Ila sensa humhesabu aliyelala mjini usiku ule, haimuulizi moyo wake umelala wapi.

Wengine husema mpe mtu kiwanja, hatoki. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipozunguka pembezoni mwa jiji: viwanja vimepimwa, ukuta umesimama, ndani msingi umeota nyasi. Mwenyewe anasubiri bei ipande. Kiwanja humfunga asiye na kingine.

Mama lishe ninayekula kwake karibu na Mtumba alitoka Singida kuwapikia mafundi waliojenga ofisi za serikali. Mafundi wakamaliza, yeye akabaki. Ana vyumba viwili Ihumwa, bati limeezekwa, plasta bado, madirisha kaziba kwa mbao, na watoto wanasoma hapo hapo. Mshahara wa mtumishi hana. Lakini hana pia mwenza mwenye duka Kariakoo wala mtoto wa darasa la saba anayeogopa kumhamisha.

Hapo ndipo naona kiini: serikali humhamisha mtu mmoja, wanaotulia ni kaya. Treni iliyoanza 2024 imezidi kulifunika jambo hili, maana safari ya basi iliyokula kutwa sasa haifiki saa nne. Watetezi wake watasema bila treni hiyo baadhi wangeshaacha kazi, na sibishi. Mwenza aliyeajiriwa serikalini anaweza kuombewa uhamisho. Mwenye duka haombewi. Yeye atakuja akiona wateja, na wateja wake kila Ijumaa wanapanda treni.