Harusi ya Babu

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilikuwa Kibirizi, Kigoma, napiga picha taa za wavuvi wa dagaa. Mwezi haupo, ziwa limewaka kama kuna mji wa pili kule majini. Kamera nimeifunga kwenye stendi, shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kuingiza mwanga, nimeiacha wazi sekunde 15, kila taa ikatoka na mkia wake. Nikalala najiona fundi wa mwisho wa reli yote.

Kesho yake jioni, harusi Ujiji, kamera bado iko kwenye stendi. Nikazungusha kigurudumu cha shata mpaka nikaiona namba 2, juu yake vialama viwili vyembamba kama miguu ya mbu. Nikadhani vumbi la Ujiji, nikapangusa kwa shati. Havikutoka. Nikavisamehe.

Ndugu zangu, 250 kwenye kamera ni sehemu ya 250 ya sekunde: mtu anacheza, wewe unamgandisha. Lakini 2 yenye miguu ya mbu ni sekunde mbili nzima! Unabonyeza, "kla...", unamwamkia mzee shikamoo, anaitikia marahaba, ndipo unasikia "...chak". Mimi ningesikia wapi na ngoma zile? Kioo cha nyuma kilishapasuka, flashi ilikufa tangu Idi. Najipigia tu.

Asubuhi nikafungua kompyuta. Bwana harusi hana uso, kanzu inaelea yenyewe. Bi harusi ana mikono sita. Waliokuwa wanamtunza wamegeuka moshi wa ubani. Na pembeni, kila picha, babu mmoja amesinzia kwenye kiti cha plastiki. Safi! Unahesabu mpaka nyuzi za kofia yake.

Shangazi wa bi harusi alitazama kimya. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akavaa tena.

"Mwanangu, nimekulipa upige harusi. Haya majini umeyatoa wapi?"

"Shangazi, nisamehe, ni shata."

"Shata ndiye nani? Mbona hatukumwalika?"

Hela nikarudisha yote, na soda nikanunua.

Jioni babu akaja studio na bakora yake. Akachagua picha moja, anataka isafishwe kubwa, ya kutundika sebuleni. Akaikodolea macho, halafu akanigonga begani.

"Mjukuu wangu, huwezi kuwatoa hawa wenye moshi nyuma yangu? Wananiharibia."