Mbona genge halikui?

Mjadala wa mikopo ya wanawake ukianza, hauchukui muda kabla mtu hajasema hivi: mama yule alikopeshwa mwaka juzi, na leo genge lake ni lilelile. Meza ileile ya mbao, turubai lilelile, nyanya zilezile kwenye mafungu. Hela imekwenda wapi? Na kama haionekani, kwa nini halmashauri isimpe mwenye karakana atakayeajiri vijana watano?

Hoja hiyo ina uzito, na wanaoitoa si maadui wa wanawake. Tangu 2018 sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni hela ya ushuru na tozo, nyingine imetoka kwa huyohuyo mama wa genge. Serikali ilipoisimamisha Aprili 2023, baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha jinsi ilivyokuwa ikipotea, palikuwa na vikundi hewa na vikundi vilivyogawana hela vikasambaratika. Ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitia benki. Nje ya nchi nako, tafiti sita zilizochapishwa pamoja 2015, kuanzia Ethiopia na Moroko hadi India na Meksiko, hazikuona mikopo midogo ikiwatoa watu kwenye umaskini kama ilivyokuwa ikitangazwa.

Kuna na hili la mtaani. Magenge yakiwa sita kwenye uchochoro mmoja, ukawakopesha wote sita waongeze nyanya, walaji hawaongezeki. Watanyang'anyana wateja, na zinazobaki zitaoza. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye kipimo. Anayesema genge halikui ameitazama meza peke yake.

Huku kwetu Vingunguti, Dar es Salaam, kuna mama ambaye genge lake naliona kila nikitoka. Saa kumi na moja alfajiri yuko soko la Ilala. Tenga zima la nyanya hawezi peke yake, kwa hiyo wanalinunua wawili na mwenzake na kuligawana palepale chini, moja moja, zilizobonyea zikihesabiwa nusu. Saa moja na nusu mafungu yamepangwa. Mbele makubwa, nyuma yale ya wenye mia tano, na pembeni masalo kwa wapishi wa mama ntilie. Ana mafuta ya kupima, dagaa, vitunguu, na unga wa robo.

Jioni moja nimesimama pale, akaja mtoto wa miaka saba hivi na kibakuli mkononi.

"Shikamoo mama. Mama amesema umpe nyanya za mia tano na mafuta, baba akirudi ataleta."

"Marahaba mwanangu. Mwambie mama ya juzi bado, na hii naandika."

Akampa, akaandika. Daftari lile limejaa majina ya akina mama kwa majina ya watoto wao, na mbele ya kila jina mia tano, elfu moja, mia nane. Kuna nyumba zaidi ya ishirini ambazo usiku wa siku kavu zinakula kwa sababu ya daftari hilo, bila riba na bila dhamana. Mtaji wa genge umelala humo. Ukimkagua kwa kuhesabu nyanya mezani utasema mkopo umepotea.

Upande wa pili wa hela yake ni nyumbani. Uniforomu, luku, nauli ya mzee akikosa kibarua. Na hapa kuna utafiti mmoja ambao kwangu unabeba uzito kuliko mingine yote. Baada ya tsunami ya 2004, watafiti nchini Sri Lanka waliwapa wenye biashara ndogo ruzuku ya thamani ya takribani dola 100 au 200 kila mmoja, kisha wakafuatilia. Faida za wanaume zilipanda. Za wanawake, kwa wastani, hazikusogea. Matokeo yale yalitoka 2009 na yakasambaa: mpe mwanamke mtaji, hautazaa. Nimeyasikia yakirudiwa na watu wasiojua hata yametoka wapi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, watafiti wengine walizirudia takwimu zile za Sri Lanka pamoja na za India na Ghana, wakauliza swali ambalo bibi yeyote wa Vingunguti angeliuliza mwanzoni kabisa: nyumbani kwa huyu mwanamke kuna biashara nyingine? Walipowatenga wanawake ambao biashara yao ndiyo pekee katika kaya, faida yao ilikuwa sawa na ya wanaume. Wale ambao faida yao ilionekana sifuri walikuwa na waume wenye biashara zao, na mtaji ulikuwa umehamia huko. Kaya ilinufaika. Aliyepimwa ni mke, aliyekua ni mume, na aliyeandikiwa kushindwa ni mke.

Tafakari ni maamuzi mangapi ya kukopesha au kutokopesha yalifanywa katika miaka hiyo kumi kwa kuamini sifuri ile. Mtu anaweza kusema basi yote heri, kaya ni moja, hela ikienda kwa mume tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba deni halihami. Jina kwenye fomu ni la mama, na wa marejesho akija anakuja gengeni.

Na wa marejesho wa mitaani anakuja kila siku. Mama huyu alinionyesha hesabu ya mkopo wa kausha damu aliouchukua mwezi wa kumi, kutoka kwa mkopeshaji asiye na hata kibao mlangoni. Ameandikiwa laki moja. Wamekata elfu tano ya fomu, mkononi amepata 95,000. Kuanzia kesho yake, elfu tano kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000.

Kwa haraka utasema riba ni asilimia 30, na hata hiyo ni mbali na ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekwa na Benki Kuu. Lakini laki moja ile hakuwa nayo mwezi mzima. Siku ya kumi alikuwa ameshairudisha nusu. Ukichukua wastani, mwezi ule alikuwa akizungushia kama elfu hamsini tu, na kwa hiyo elfu hamsini alilipa 35,000. Hiyo inakaribia asilimia 70 kwa mwezi, na nyanya haina faida ya namna hiyo. Elfu tano ya kila siku ilitoka kwenye hela ya Ilala, kwa hiyo tenga la watu wawili likawa la watu watatu, na wiki ya mwisho akawa ananunua kwa jirani yake na kuuza kwa faida ya shilingi hamsini. Genge lilisinyaa kwa sababu ya mkopo.

Mjini Kolkata, India, watafiti walijaribu jambo dogo sana: baadhi ya wakopaji waanze kulipa baada ya miezi miwili badala ya wiki mbili. Kiasi kilekile, riba ileile. Utafiti wao ulichapishwa 2013, na ulionyesha kwamba takriban miaka mitatu baadaye faida za waliopewa nafasi ile zilikuwa juu kwa takribani asilimia 41. Ni haki kusema pia kwamba walioshindwa kulipa waliongezeka, na mkopeshaji binafsi anayeogopa hasara namwelewa. Halmashauri, ambayo haikopeshi kwa faida, inaweza kuibeba hatari hiyo, mradi ifuatilie.

Uganda wamejaribu jingine. Kati ya wanawake wapatao 3,000 waliokopa kwa BRAC, shirika la mikopo midogo, baadhi waliwekewa mkopo kwenye akaunti ya simu iliyofunguliwa kwa ajili ya biashara tu, badala ya kukabidhiwa noti. Baada ya miezi minane faida zao zilikuwa juu kwa asilimia 15 na mtaji kwa asilimia 11, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa na ndugu nyumbani. Noti mkononi kila mtu anaiona, na shemeji akija na shida utamwambiaje huna?

Ndiyo maana naona swali la nani apewe limechukua nafasi kubwa mno, na la namna ya kumpa limeachwa kwa maofisa maendeleo ya jamii wa kata wenye kazi nyingine ishirini. Mwenye karakana naye apewe, simzuii. Ila mama wa genge asipimwe kwa ukubwa wa meza. Aulizwe siku ngapi mwezi huu alikwenda Ilala kwa hela yake mwenyewe, daftari lake linabeba nyumba ngapi, na ameacha kausha damu au bado.

Nilimuuliza kuhusu ule wa asilimia 10. Anaujua vizuri kuliko mimi. Kikundi kinataka watu watano. Wanne amewapata, akiwemo yule wanayegawana tenga. Wa tano wanamtaka mwenye kibanda cha mkaa pale kona, mtu mwaminifu, lakini amewaambia wamsubiri kwanza. Amebakiza siku kumi na moja za marejesho.